Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Machi mwaka huohuo ikatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lake la misaada, imefutwa. Tangu hapo miji yetu midogo imepata wahubiri wa aina mpya. Hawapandi mimbarini. Wanasimama katika kumbi za kukodi za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, chini ya feni, mbele ya maafisa miradi, madereva, wakusanya takwimu na walinzi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na hubiri lao ni moja: fedha si kila kitu. Wafadhili wameondoka, bajeti imekatwa, kwa hiyo kiongozi mwenye busara awape watu wake shukrani, vyeti, siku ya michezo na nyama choma, kisha awakumbushe wito. Aliyeingia katika sekta hii kwa moyo, tunaambiwa, atabaki kwa moyo.

Hubiri hili limekubalika kiasi kwamba anayelipinga huonekana mtu wa tamaa, mpenda posho. Mimi nalipinga. Mfanyakazi aliyevunjika moyo Handeni hakupungukiwa na moyo, anadai. Anadai mshahara, anadai michango yake ya uzeeni, anadai saa zake, na juu ya yote anadai kuambiwa ukweli. Mdaiwa wake ni yuleyule aliyesimama mbele yake na kipaza sauti akimtia hamasa. Mdaiwa hana ubavu wa kumhamasisha mdai wake.

Wahubiri waliosoma kidogo hupenda kumtaja Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha mwaka 1959 matokeo ya mahojiano yake na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Herzberg, wanasema, alithibitisha kwamba kinachompa mtu ari ni mafanikio, kutambuliwa, kazi yenye maana na nafasi ya kukua. Mshahara haumo. Ni kweli aliyasema hayo, lakini ni nusu ya aliyoyasema. Nusu ya pili ni kwamba mshahara, masharti ya kazi na usimamizi ni vitu ambavyo vikiharibika humchukiza mtu kazi yake, na hakuna kiasi cha sifa kinachoweza kuziba pengo hilo. Hakusema mtu anaweza kuviruka. Tena tukumbuke aliwahoji watu gani: wahasibu na wahandisi wa mji wa viwanda uliokuwa na kazi, watu ambao mshahara wao ulifika. Hakuna aliyemweleza Herzberg habari za miezi mitatu ya kusubiri mfadhili apitishe ripoti.

Tufanye hesabu, maana mahubiri haya yanaishi kwa kuikwepa hesabu. Mfano ni wa kubuni, makato ni ya kweli. Afisa mradi kijana, msomi wa chuo kikuu aliyesoma kwa mkopo wa serikali, ameajiriwa Mkata kwa mshahara wa shilingi 700,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 70,000. Kodi ya mapato inatozwa kwenye 630,000 zilizobaki, nayo ni 42,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi zinafika 483,000. Humo kuna chumba cha kupanga, mama aliyeko Sindeni, ada ya mdogo wake, vocha, na mafuta ya pikipiki siku ambazo masurufu ya ofisi hayajatoka. Kiangazi kikiingia kuna na maji, kwa sababu Handeni dumu la maji hupanda bei jua linavyozidi, na hadithi ya bomba la kutoka mto Pangani wakazi wake wameisikiliza miaka mingi.

Sasa mshahara usitoke mwezi mmoja. Halafu wa pili. Mwenye nyumba hapokei cheti cha mfanyakazi bora. Kikoba kina faini ya kuchelewesha marejesho. Kinachobaki ni ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu, na anayeingia humo leo kwa laki mbili atakuwa analipa miezi mingi baada ya mshahara kurudi. Ndiyo maana mshahara uliocheleweshwa, hata ukija kulipwa wote, huwa umeshapungua. Riba imeula njiani. Sijasikia mkurugenzi hata mmoja akifidia riba hiyo.

Jambo linaloumiza zaidi ya hapo halionekani ukumbini. Hati ya mshahara inaonyesha NSSF imekatwa. Kwa sheria, 70,000 zake na 70,000 za mwajiri, jumla 140,000, zinapaswa kupelekwa kwenye mfuko kila mwezi. Siku hizi mwanachama anaangalia michango yake kwenye simu. Anaifungua usiku, anakuta mchango wa mwisho uliingia miezi minane iliyopita. Fedha aliyokatwa imelipia dizeli, au pango la ofisi, au, Mungu atuepushe, ukumbi wa semina ya hamasa. Kesho yake anaitwa kwenye duara, washikane mikono, kila mmoja ataje jambo moja analoshukuru. Anataja afya. Angetaja nini?

Wapo wanaojibu kwamba mtu mwenye nia njema hushinda mawazo ya fedha. Sayansi haiwaungi mkono. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao uliowapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa wamebanwa na madeni, na baada ya mavuno wakiwa na fedha. Watu walewale, akili zilezile, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri. Dhiki ya fedha haikai mfukoni peke yake, inakula umakini. Kwa hiyo mkurugenzi anayelalamika kwamba ripoti za robo hii zina makosa, kwamba takwimu za Kwamsisi haziendani na za Kabuku, kwamba watu wamekuwa wazito, anaangalia matokeo ya maamuzi yake mwenyewe na kuyaita uvivu.

Kuhusu wito nitakaa kidogo, maana hapo ndipo wahubiri hujiona wameshika silaha isiyopingika. Watatuonyesha masista wa hospitali za misheni. Watatuonyesha Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, ambako wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walianza mwaka 1896 kulea watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye mahali hapo pakawa pa kuwahudumia wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea hadi leo chini ya kanisa. Watauliza: hao walilipwa shilingi ngapi?

Swali zuri, ila halikuulizwa lote. Mmisionari wa Lutindi hakulipa kodi ya nyumba. Alijengewa. Hakuwaza atakula nini mwisho wa mwezi, wala nani atamtibu akishikwa na malaria, wala akizeeka atakaa kwa nani, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na chama cha misheni kilichomtuma na kilichojua kwamba kimemtuma. Sista wa leo ameapa ufukara, lakini shirika lake la kitawa halikuapa kumwacha na njaa. Wito wa kweli siku zote umekuwa na jiko, kitanda na kaburi la uhakika. Wanaotaka mfanyakazi wa mkataba wa mwaka mmoja aishi kwa wito kama mtawa wamechukua kiapo upande mmoja tu. Yeye ajitoe, shirika lisiwajibike.

Kama ni historia wanayoitaka, eneo hili lina nyingine iliyo karibu zaidi na hali yetu. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, kuanzia Ngombezi na Magunga hadi Mnyuzi na Hale, yaliendeshwa kwa jasho la manamba walioletwa kutoka mbali. Walifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30, na mtu hakulipwa mpaka zijae, hata kama zilimchukua muda mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Bepari wa mkonge hakuwa rafiki wa mtu. Hata hivyo alijua kwamba lazima awagawie unga wakati wakisubiri, na alijua kipande kikijaa kinalipwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajukuu wa mfumo huo waligoma shamba baada ya shamba, na hakuna aliyewaita watu wasio na wito. Ni fedheha kwamba shirika linalojiita la haki za binadamu, lenye bango kubwa kando ya barabara ya Segera, linaweza kumwacha mlinzi wake miezi mitatu bila mshahara wala unga.

Nasikia jibu: fedha hazipo. Ungetaka tufanyeje, tuzichapishe?

La. Nakubali kwamba fedha zimepungua, na sidhani zitarudi karibuni. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. USAID ilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Wilaya hizi zimezoea miradi ije na iondoke. Wazee wanakumbuka mpango wa maendeleo vijijini wa mkoa wa Tanga uliogharamiwa na Wajerumani kuanzia miaka ya 1970, na magari yake. Hoja yangu ni kwamba upungufu wa fedha hauleti wenyewe unyonge wa wafanyakazi. Unyonge huletwa na jinsi upungufu huo unavyogawanywa na kufichwa.

Tazama unavyogawanywa. Bajeti inakatwa nusu, malengo yanabaki yaleyale. Vijiji 12 vinabaki 12. Wafanyakazi wawili wameondoka, kwa hiyo aliyebaki anashika kazi za watatu, na anaambiwa ajione mwenye bahati. Cha kwanza kubanwa ni mafuta ya pikipiki. Cha mwisho ni gari la mkurugenzi. Lami ya kutoka Korogwe hadi Handeni, kilomita 65 hivi, imefupisha safari ya wakubwa, lakini vikundi vya akina mama na visima vilivyoharibika haviko kwenye lami. Viko ndani, ambako mvua ikinyesha njia inageuka tope na isiponyesha inageuka vumbi, na kila safari ina bei ya lita. Mfanyakazi ana mambo mawili ya kuchagua: aende kwa fedha yake, au aandike kwamba alikwenda. Shirika linalompeleka mtu mwaminifu kwenye uchaguzi huo limeshamharibia kitu ambacho semina haitakirudisha.

Kilicho sawa ni kwamba fedha ikipungua, kazi ipungue nayo. Nusu ya mshahara ni nusu ya siku. Vijiji sita vihudumiwe vizuri na mfadhili aandikiwe hivyo, kwa maandishi, kabla robo haijaisha. Mtu aliyepunguziwa siku apewe uhuru wa kufungua duka, kulima Kwamatuku au kufundisha ziada, bila kununiwa kwamba hana moyo na shirika. Watakaosema wafadhili hawatakubali, wawaulize kwanza. Wengi hawajauliza, wameogopa kuonekana dhaifu, na gharama ya hofu hiyo wameibebesha miguu ya maafisa wa vijijini.

Upungufu unavyofichwa ni balaa jingine. Mkurugenzi anajua tangu Aprili kwamba mkataba wa mfadhili hautahuishwa. Anakaa kimya hadi Septemba, eti asiwavunje moyo watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Watu si wajinga. Wanaona mashine ya kunakili haina wino, wanaona mhasibu anakwepa macho. Katika ukimya huo uvumi ndio unaoendesha ofisi, na wenye vyeti vizuri huondoka kwanza kwa sababu ndio wanaopata pengine pa kwenda. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa umma ni 500,000, na Hazina hailipi kwa kusubiri ripoti ya robo. Vijana wa mashirika wanashinda kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Siwalaumu hata chembe.

Ajabu ni kwamba sheria yetu imeshaelekeza lililo jema. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio mapema, aeleze sababu, na ajadiliane nao namna ya kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, muda na malipo. Ajadiliane, tena wakati bado kuna kitu cha kujadili. Kifungu cha 15 hakiruhusu masharti ya kazi yabadilishwe kwa hotuba ya asubuhi. Mabadiliko hufanywa kwa kushauriana na mfanyakazi na kuandikwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Si mali nyingi. Aliyefanya kazi miaka sita anaondoka na siku 42. Lakini nani amekitengea fungu tangu mwanzo wa mradi? Sekta inayowafundisha wanakijiji haki zao huwa ya mwisho kusoma sheria inayoihusu.

Halafu kuna suala la vitabu vya hesabu. Kanuni za mwaka 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zinataka shirika lililopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze hadharani limezipata wapi na linazitumiaje. Ikiwa msomaji wa gazeti aliyeko Mbeya ana haki ya kujua, vipi dereva aliyeko chumba cha pili asijue? Wafungulieni watu vitabu. Waonyesheni kilichomo benki, kinachodaiwa, na fedha zilizobaki zinatosha hadi mwezi gani. Waonyesheni pia mshahara wa mkurugenzi ulivyokatwa, na kama haukukatwa, basi hapo ndipo mkutano uanzie.

Kuna walio chini zaidi ya hawa niliowazungumzia, nao mahubiri ya wito yamewaumiza muda mrefu kuliko wote: wahudumu wa jamii, waelimishaji rika, wasimamizi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Kwenye andiko la mradi huitwa wajitoleaji. Wanapita nyumba kwa nyumba Magoma na Mashewa wakifuatilia wagonjwa walioacha dawa, kwa posho ndogo inayoitwa nauli. Mradi ukifungwa hawapati hata barua, kwa kuwa hawakuwahi kuajiriwa. Serikali yenyewe ilipozindua Januari 2024 mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, ilikuwa inakiri kwamba kazi hii haiwezi kuendelea kusimama juu ya hisani ya maskini. Mashirika ambayo bado yanawaita wajitoleaji watu wanaofanya kazi siku tano kwa wiki yaseme ukweli: ni wafanyakazi wasiolipwa.

Wafadhili nao wasijifiche nyuma ya wakurugenzi wetu. Kwa miaka mingi wametaka fedha yote iende kwa walengwa na karibu isiende chochote kwenye uendeshaji, kana kwamba mhasibu, pango na akiba ya dharura ni ufisadi. Marekani iliyokuwa ikiruhusu asilimia 10 ya gharama zisizo za moja kwa moja kwa mashirika yasiyo na kiwango kilichokubaliwa, ilipandisha hadi 15 Oktoba 2024, miezi michache kabla ya kufunga duka lote. Shirika lililozuiwa kuweka akiba haliwezi kumlipa mtu mwezi mmoja bila mfadhili. Hilo wafadhili walilijua walipokuwa wanasaini.

Niulizwe kama nataka mashirika yafungwe. Mengine, ndiyo. Shirika linaloendelea kuishi kwa mishahara isiyolipwa linakopa kwa nguvu kutoka kwa watu wake maskini kuliko wote, na kulifunga kwa taratibu, kwa barua, kwa cheti cha utumishi na kwa michango yote kupelekwa NSSF, ni heshima kubwa kwa wafanyakazi kuliko mwaka mwingine wa maneno matamu. Yatakayobaki yatakuwa machache, na yatakuwa na watu wanaoamini wanachoambiwa.

Shukrani zina mahali pake, na mimi si adui wa nyama choma. Zije baada ya deni. Wajumbe wa bodi mtakaokutana robo hii Korogwe na Handeni, wekeni malimbikizo ya mishahara na michango ya NSSF ajenda ya kwanza baada ya kuthibitisha muhtasari, na msitoke ukumbini bila tarehe ya malipo iliyoandikwa. Hotuba ya kutia moyo isomwe kwenye mengineyo, muda ukiruhusu.